Kabla ya Kulaumu Sinema

Mzazi anayetuletea mvulana aliyempiga mwenzake shuleni huwa hajatulia kitini kabla hajasema, "Daktari, ni hizi sinema." Atataja kibanda cha video cha mtaani, Nyalenda au Manyatta, ambako kijana hushinda likizo nzima akimsikiliza dijei anayetafsiri mapigano ya Kichina kwa Sheng. Mimi humsikiliza mzazi huyo mpaka amalize. Kisha humuuliza jambo ambalo hakulitarajia: simu ya kijana huyu ina video gani za hapa hapa Kisumu?

Nauliza hivyo kwa sababu ya mdoli mmoja. Mwaka 1961, mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alifanya jaribio na watoto 72 wa chekechea. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimtwanga mdoli mkubwa wa kujazwa hewa kwa ngumi, mateke na nyundo ya mbao. Walipoachwa na mdoli huyo, wengi wao waliyarudia yale yale, hata maneno. Mwaka 1963 alitumia filamu badala ya mtu, na watoto wakaiga vilevile.

Jaribio hilo linajulikana sana. Ninalolipenda mimi ni la 1965, ambalo husimuliwa kwa nadra. Safari hii filamu ilikuwa na miisho mitatu: mpigaji anapewa zawadi, mpigaji anaadhibiwa, au hakuna lolote linalomfika. Watoto waliomwona akiadhibiwa waliiga kidogo kuliko wenzao. Halafu wote wakaahidiwa juisi na vibandiko vya picha iwapo wangeonyesha walichokiona. Tofauti ikayeyuka. Kumbe wote walikuwa wameshika somo. Waliokaa kimya walikosa tu sababu ya kulitumia.

Lakini mdoli ameumbwa apigwe, na kumpiga si sawa na kumdunga mtu kisu. Ndiyo maana watafiti bado wanabishana. Mwaka 2019, utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliowahusisha vijana wa Uingereza wapatao 1,000, wenye umri wa miaka 14 na 15, haukuona uhusiano kati ya kucheza michezo ya video yenye mapigano na tabia ya ukali waliyoielezea wazazi wao. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kinasema michezo hiyo inahusiana kwa kiwango kidogo na ukali kama kufoka na kusukumana, lakini mwaka 2020 kilionya kwamba kuilaumu kwa mauaji hakuna msingi wa kisayansi. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kibanda cha video si mchawi. Kijana anayeona babake akimpiga mamake kila mwisho wa mwezi ana mwalimu aliye karibu kuliko dijei yeyote.

Picha humpa kijana aliyekwisha kukasirika namna ya kufanya, na humwonyesha malipo. Picha za hapa kwetu humwingia zaidi kwa sababu anajiona ndani yake. Hata hivyo, ya mbali nayo hufika: Kisumu imejua magenge yaliyojiita Baghdad Boys na American Marine. Hayo ni majina ya taarifa ya habari ya saa moja jioni. Luanda Magere, shujaa wa hadithi zetu wenyewe, hakupata genge la jina lake.

Tuangalie moto wa mabweni. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 nchini Kenya zilikumbwa na moto, nyingi katika muhula wa pili, zikifuatana kwa majuma. (Huko Kisii iliripotiwa kwamba wanafunzi wa shule moja walikasirika baada ya kuzuiwa kutazama mechi ya Euro. Runinga ilileta balaa kwa kuzimwa.) Sababu halisi zilikuwa nyingi, zikiwemo mitihani, nidhamu na chakula. Ila fikiria habari zenyewe zilivyoonekana. Kamera inaonyesha bweni likiwaka, kisha wanafunzi wakibeba masanduku kwenda kupanda matatu. Wanarudi nyumbani! Kwa mwanafunzi wa shule jirani aliyechoka, hiyo ndiyo juisi na kibandiko. Kesi itakaposikilizwa miezi kadhaa baadaye, kamera haitakuwepo. Na wanaobaki ndani ya bweni hawaonyeshwi kamwe: vijana 67 walikufa katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, katika moto uliowashwa makusudi.

Shirika la Afya Duniani limewashauri wanahabari kwa miaka mingi wasieleze mbinu wanaporipoti mtu aliyejiua, kwa kuwa habari za namna hiyo zimewahi kufuatwa na vifo vingine. Sioni kwa nini moto wa shule uripotiwe kwa tahadhari ndogo kuliko hiyo.

Simu ndiyo ngumu zaidi. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ina alama zake, na runinga zinatakiwa kungoja hadi saa nne usiku kabla ya kuonyesha vipindi vya watu wazima. Simu haina saa nne. Vijana wawili wakipigana nyuma ya stendi, wenzao husimama na simu juu badala ya kuwatenganisha, na kabla ya jioni video imezunguka kwenye statasi za darasa zima. Mshindi anahesabu waliotazama.

Kuna na hofu. Mtafiti George Gerbner alieleza jinsi mtazamaji wa kupindukia huanza kuuona ulimwengu kuwa mkali kuliko ulivyo. Huko Nakuru, mvulana wa Kaptembwa aliyeshiba video za magenge huweza kubeba kisu si kwa ushujaa, ila kwa kuamini kwamba kila anayekutana naye anacho.

Kumpokonya simu kwa mjeledi huongeza mfano mwingine wa kupiga, na viboko vimepigwa marufuku shuleni tangu 2001. Akianza kutishia kuua, kutesa wanyama au kuficha silaha, usingoje: piga 116, simu ya bure ya watoto, mchana au usiku.

Katika siku za kawaida, kaa naye mtazame video hiyo mpaka mwisho, kisha umwombe akueleze kilichotokea baada ya kamera kuzimwa. Nani alimbeba aliyepigwa? Alipelekwa Russia, yaani Hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, kwa boda boda au alilala nyumbani na jicho limevimba? Picha ya eksirei ililipiwa na nani? Wavulana wengi hunijibu kwanza kwamba hawajui. Nikinyamaza kidogo, huanza kumtaja aliyepigwa kwa jina lake.