Muda, vipaumbele na ahadi ya "njoo Ijumaa"

Mwaka wa 12 huu nashona nguo za watu, na aibu ninayoijua vizuri ni ya mteja anayefika Ijumaa jioni kuchukua gauni la harusi akalikuta bado lina pini. Watu husema mafundi ni waongo. Mimi nilipotamka Ijumaa niliiamini. Tatizo lilikuwa mambo niliyoyashika kuhusu muda, ambayo wengi wetu tunayashika, na si kweli.

Dhana: la haraka ndilo la kwanza

Hii ndiyo iliyonigharimu kuliko zote. Nafungua asubuhi, sijatia hata uzi kwenye sindano, anaingia mtu na suruali ya kupunguza: "Fundi, dakika tano tu, nasubiri hapahapa." Nyuma yake yupo mwenye zipu iliyokufa. Simu nayo inaita. Ikifika saa kumi jioni mgongo unauma, na lile nililolitaka kwa moyo wote, kujifunza kukata koti la suti, sijaligusa. Koti moja lingenilipa kuliko pindo za wiki nzima, lakini koti halibishi hodi. Niliahirisha miaka mitatu.

Ukweli ni kwamba haraka na umuhimu ni vitu viwili tofauti. Rais Eisenhower wa Marekani aliligusia hili mwaka 1954 katika hotuba yake mjini Evanston, Illinois, akimnukuu mkuu wa chuo wa zamani: matatizo ni ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu, ya haraka si muhimu, na ya muhimu hayana haraka kamwe. Naona alizidisha, maana mtoto akipandwa na homa usiku, hilo ni la haraka na ni muhimu. Ila kwa siku nyingi za kawaida, ndivyo ilivyo.

Basi saa moja hadi saa mbili asubuhi, mlango ukiwa bado umefungwa, nikaifanya saa ya koti. Karatasi mezani, chaki, rula, simu ndani ya droo. Kola ya kwanza ilikataa kulala, nikaifumua mara nne. Pindo na zipu zikahamia baada ya saa nane mchana. Wateja wachache walinuna, wengi wakazoea.

Dhana: kazi yangu naijua, siwezi kukosea makadirio

Uzoefu haukukingi. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuhusu kosa hili, la kuikadiria kazi muda mfupi mno, mwaka 1979. Kisha katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliulizwa watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria siku 34 hivi. Zikawa zaidi ya 55. Tunapokadiria, tunaiona kazi ikienda moja kwa moja. Hatuoni umeme ukikatika, wala bitana ya rangi ile ikikosekana dukani.

Kinachosaidia ni kuiuliza kazi iliyopita. Nina daftari: siku niliyokata, siku niliyokabidhi. Gauni la kitenge lenye bitana, kichwani mwangu ni siku 2. Daftari linasema 4. Ninalifuata daftari.

Dhana: hodari hufanya mambo mawili kwa pamoja

Redio na kushona vinakwenda, kwa sababu redio haikudai jibu. Kujibu ujumbe huku unakata ni habari nyingine: akili huhama huku na huku, na kila ikihama hupoteza muda. Niliwahi kukata mikono miwili ya kushoto kwa namna hiyo, na kitambaa kilikuwa cha mteja.

Kukesha nako ni hivyohivyo. Mtu mzima anahitaji saa 7 za usingizi au zaidi, na mshono wa usiku wa manane mara nyingi naufumua asubuhi.

Dhana: ratiba ni ya watu wa ofisini, sisi tuna ndugu na misiba

Hili nalisikia sana, na linaniuma, kwa sababu mwenye misiba ndiye anayehitaji kupanga zaidi. Msiba hauna tarehe. Ukiijaza wiki hadi ukingoni, ukienda kuzika unarudi na madeni ya wateja sita. Mimi Alhamisi mchana siiwekei ahadi ya mtu. Lisipotokea jambo, nashona vya mbele.

Wala kipaumbele si kazi peke yake. Kwa miaka nilisema mama yangu ndiye wa kwanza, huku nikimpigia saa nne usiku, nusu nimelala. Sasa ni Jumapili saa kumi jioni, cherehani imefunikwa. Juzi aliniuliza, "Mwanangu, leo huna wateja?"

"Wapo, mama. Nimewaambia Jumanne."