Nilipimwa sikukutwa na virusi, mbona nipimwe tena? Maswali ya akina mama kuhusu VVU na mtoto

Maswali haya huulizwa na akina mama wanaozungumza Kiswahili hapa Uganda: wachuuzi wa Busia, wake wa askari kambini, ndugu zetu waliotoka Kongo wakapata hifadhi Nakivale na Kyangwali. Wengi wao wanajua kwamba dawa zipo. Kinachowachanganya ni miezi ya kunyonyesha, na hapo ndipo watoto waliozaliwa wazima huambukizwa.

Kweli mwenye VVU anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi?

Kweli kabisa. Bila dawa, kati ya watoto 15 na 45 kwa kila 100 huambukizwa wakiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akitumia dawa ipasavyo, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Mwaka 1999 utafiti uliofanyika Mulago, Kampala, ulionyesha kwamba dozi moja ya nevirapine, dawa ya kupambana na VVU, kwa mama mwenye uchungu na moja kwa mtoto ndani ya siku 3 za kwanza ziliweza kuokoa watoto wengi, na dunia nzima ikajifunza kutoka kwetu. Leo hatuishii kwenye dozi moja. Tangu 2012 Uganda ilianza kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa za ARV anazoendelea nazo maisha yake yote, kwa afya yake yeye mwenyewe na ya mtoto.

Mimba ilipokuwa changa nilipimwa, sikuwa na virusi. Mbona nesi anataka kunipima tena?

Kwa sababu kipimo kile kilisema habari za siku ile tu, na hata hivyo si zote. Mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kupimwa asionekane na virusi mpaka ifike miezi 3. Halafu mimba ni miezi 9 na kunyonyesha ni mwaka au zaidi. Katika muda wote huo maisha ya ndoa yanaendelea.

Jambo hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Mtu anapoambukizwa, wiki za mwanzo virusi hujaa kwenye damu na kwenye maziwa, maana mwili haujaanza kupambana navyo na dawa hajaanza. Mama aliyeambukizwa akiwa ananyonyesha yuko katika hatari kubwa ya kumwambukiza mtoto kuliko mwenzake aliyeishi na VVU miaka 10 na anameza dawa kila siku. Naye huyo aliyeambukizwa karibuni hana wasiwasi, kwa sababu kadi yake ya kliniki inaonyesha alikuwa mzima. Kwa hiyo kubali kupimwa tena miezi 3 ya mwisho ya mimba au siku ya kujifungua, na uendelee kupimwa unaponyonyesha. Usipoitwa, omba mwenyewe.

Mume wangu anasema, "Wewe umepimwa, basi na mimi nimeshapimwa."

Sivyo, dada. Wapo wanandoa wengi ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana, tena kwa miaka. Mwombe muende naye kliniki. Vituo vingi huwahudumia mapema waliokuja wawili. Akikataa, tumia kondomu ukiweza, na umuulize mhudumu kuhusu PrEP, dawa ya kujikinga kwa asiye na VVU. Mjamzito na anayenyonyesha wanaweza kuitumia. Ikiwa kumwambia majibu yako kunaweza kukuletea kipigo, mweleze mkunga kwanza, mkiwa peke yenu. Hakuna anayekulazimisha kusema leo.

Nameza ARV na nimepewa pia vidonge vya kuongeza damu. Nichanganye?

Ukimeza pamoja na chakula, sawa. Lakini tumbo likiwa tupu, madini ya chuma na kalisi hushikana na dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge chetu cha kawaida, na mwili ukaikosa. Usipoweza kula, meza ARV saa 2 kabla ya vidonge vya damu, au saa 6 baada yake. Dawa za kienyeji kama mumbwa zitaje kliniki, hutagombezwa.

Ninyonyeshe au nimpe maziwa ya ng'ombe?

Nyonyesha. Miezi 6 ya kwanza ziwa tupu: maji, uji na maziwa ya ng'ombe visubiri. Baada ya hapo mwanzishie chakula huku ukiendelea kumnyonyesha, angalau mpaka mwaka 1. Utafiti wa PROMISE, ambao Uganda ilishiriki, ulikuta kwamba mama wanaotumia ARV walipofikisha miezi 12 ya kunyonyesha, watoto walioambukizwa hawakufika 1 kwa kila 100. Kinga hiyo inatoka kwenye dawa anazomeza mama. Ukiziacha kwa sababu umeshajifungua salama, virusi hurudi kwenye maziwa. Pima kiwango cha virusi kila unapopangiwa. Chuchu ikipasuka au ziwa likivimba, nenda kituoni siku hiyohiyo.

Na mtoto?

Anapewa nevirapine ya maji tangu kuzaliwa kwa wiki 6, au zaidi kama mama alichelewa kuanza dawa. Kipimo cha kwanza cha damu ya kisigino ni karibu wiki ya 6, halafu miezi 9, halafu wiki 6 baada ya kuacha ziwa, na cha mwisho miezi 18. Kipimo cha haraka cha watu wazima hakifai kuthibitisha kwa mtoto mchanga, kwani hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili wanaopambana na virusi, na kingamwili za mama huzunguka kwenye damu ya mtoto hata mwaka na nusu.

Akikutwa navyo?

Aanze dawa mara moja, hata kama amenona na anacheka. Nusu ya watoto wenye VVU wasiotibiwa hufariki kabla ya miaka 2. Wanaotibiwa mapema hukua na kusoma.

Nataka kujifungulia kwa mama yangu, ng'ambo ya mpaka.

Nenda, mama ni mama. Ila pita kliniki wiki kadhaa kabla ya safari uombe dawa za miezi ya kukutosha, barua ya kukutambulisha na nevirapine ya mtoto, ukielezwa kiasi cha kumpa. Ukichelewa kurudi na dawa zinakaribia kwisha, ingia kituo chochote cha afya kilicho karibu na uonyeshe chupa na kadi.