Je, wajua kwa nini kadi isiyo na hitilafu hugoma ikikabidhiwa mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta halisi?

Kadi ya sauti inafanya kazi bila tatizo. Unaitoa kwa mashine mwenyeji, yaani kompyuta halisi, na kuikabidhi mashine pepe iitumie peke yake, na papo hapo mashine pepe inakataa kuwaka. Au inawaka, kisha baada ya dakika chache kibodi ya USB ya mwenyeji inakufa. Hakuna kilichoharibika. Kadi hiyo na kidhibiti cha USB vilikuwa vikibisha hodi kwenye mlango mmoja tangu mwanzo, ila wakati huo aliyefungua mlango aliwajua wote wawili.

Hodi hiyo ndiyo katizo. Kifaa kikiwa na jambo, kwa mfano pakiti imefika kwenye kadi ya mtandao, hakisubiri prosesa ije kuuliza. Huikatiza kazi yake. Namba ya njia inayopitia ishara hiyo huitwa IRQ. PC za zamani zilikuwa na IRQ kumi na sita (namba 0 hadi 15), na mmoja kati ya hizo uliliwa na kazi ya kuunganisha chipu mbili zilizozisimamia. PCI, mfumo wa kuunganisha kadi kwenye ubao mama, ikaja na nyaya nne, INTA hadi INTD, zinazogawanywa na vifaa vyote. Kifaa huvuta laini, yaani waya wake, chini na kuishikilia hapo hapo mpaka draiva yake, programu inayokiendesha, ikihudumie. Kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ikiona laini imeshuka, huziita draiva za laini hiyo moja baada ya nyingine: ni chako? Kila draiva husoma rejista (kihifadhi kidogo cha hali) ya kifaa chake na kujibu.

Sasa ingiza mashine pepe. Draiva inayojua kujibu imehamia ndani ya mgeni, yaani mashine pepe. Mwenyeji anaona laini imeshuka, lakini hajui namna ya kuinyamazisha kadi, kwa sababu kila kadi ina rejista zake na siri zake. Akiiacha laini wazi, prosesa itakatizwa mfululizo na mgeni hatapata hata nafasi ya kuhudumia kadi. Kwa hiyo hana budi kuifunga laini mpaka mgeni aseme amemaliza. Na laini ikifungwa, kidhibiti cha USB kilicho juu yake nacho kinazibwa mdomo. Yaani kibodi ya mwenyeji inaishi kwa hisani ya mgeni, na mgeni akikwama, nayo imekwama. Hiyo si hali ya kuvumilia hata kidogo.

PCI 2.3, ya mwaka 2002, ilileta dawa ndogo lakini ya maana sana: biti moja ya kusema "katizo hili ni langu" na nyingine ya kukinyamazisha kifaa chenyewe badala ya laini nzima. Biti hizo ziko mahali pamoja kwa kila kifaa, hivyo mwenyeji hahitaji draiva yake. Kifaa kisipokuwa nazo, VFIO, sehemu ya Linux inayokabidhi vifaa kwa mashine pepe, hudai laini iwe yake peke yake. Ikikuta jirani, utasoma kwenye dmesg, yaani kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli: "Flags mismatch irq 16", na namba 00000000 upande mmoja, 00000080 upande wa pili. Hiyo 80 ni jirani anayesema yuko tayari kushirikiana. Zile sifuri ni VFIO inayosema haiwezi.

Jirani ni nani? Fungua faili ya /proc/interrupts ya mwenyeji uangalie majina yaliyo mwisho wa mstari wa namba hiyo. Ukimpata na humhitaji, mwondolee draiva. Kama unamhitaji, hamishia kadi kwenye nafasi nyingine ya ubao mama. Ushauri huu watu huudharau, lakini una msingi: nyaya huzungushwa kutoka nafasi hadi nafasi, hivyo INTA ya nafasi moja haiangukii ilipoangukia INTA ya nafasi ya pili.

Kuna vifaa vinavyodai vina biti za PCI 2.3 ilhali hazifanyi kazi. Dalili yake ni ujumbe "irq 16: nobody cared": katika makatizo 100,000, zaidi ya 99,900 hayakuwa na mwenyewe, na kerneli ikaizima laini. Hapo ndipo mahali pa mpangilio nointxmask=1 kwenye vfio-pci, draiva ya VFIO, inayoilazimisha VFIO isiziamini biti hizo. Usiiweke kwa kubahatisha, kwani inarudisha lile sharti la laini ya peke yake.

Lakini kama kifaa kinaweza MSI, yaani katizo linalotumwa kama ujumbe badala ya waya, anzia huko. Kwa MSI hakuna waya wa kugombea: kifaa huandika namba fulani kwenye anwani maalumu ya kumbukumbu, na kila kifaa kina namba zake, hadi 32, au 2048 kwa MSI-X, toleo lake pana zaidi. Tatizo ni kwamba baadhi ya draiva ndani ya mgeni haziiwashi zenyewe. Kwenye Windows huwashwa kwa kuweka MSISupported iwe 1 katika rejistri (hifadhi ya mipangilio ya Windows) sehemu ya kifaa hicho; kwa kadi nyingi za sauti kwenye Linux ni enable_msi=1 ya draiva ya snd_hda_intel. Washa mgeni upya, kisha rudi kwenye /proc/interrupts ya mwenyeji. Palipokuwa pameandikwa vfio-intx panapaswa kusomeka vfio-msi, na IRQ 16 amebaki nao jirani peke yake.