Mwanasiasa kuwa mwanahabari wa televisheni: ufasaha pekee hautoshi

Wengi huamini kwamba mwanasiasa akihamia uandishi wa habari wa televisheni, kazi ni ileile, maana kamera ameizoea na maneno hayampigi chenga. Si kweli. Jukwaani alijifunza kulikwepa swali; studioni kazi yake ni kumzuia mwingine asilikwepe.

Mtazame Brian Walden. Alikuwa mbunge wa chama cha Labour nchini Uingereza tangu 1964, akaacha ubunge mwaka 1977 ili aendeshe kipindi cha siasa cha televisheni ya ITV. Oktoba 1989, siku chache baada ya Waziri wa Fedha Nigel Lawson kujiuzulu, Walden aliketi na Waziri Mkuu Margaret Thatcher, kiongozi ambaye yeye mwenyewe alimstahi sana. Akamuuliza: je, Lawson angebaki iwapo Alan Walters, mshauri wa uchumi wa Thatcher, angeachishwa kazi? Thatcher akasema hajui. Walden hakulipita; alirudi palepale, akitaka kujua kama hata hakumuuliza Lawson. Nauheshimu mno ukaidi ule. Siasa ilikuwa imemwonyesha jibu hujificha wapi, lakini kusikiliza kwa makini vile ni kazi aliyojifunza upya.

Leo kanuni za Ofcom, mdhibiti wa utangazaji wa Uingereza, hazimruhusu mwanasiasa kusoma habari wala kuhoji katika vipindi vya habari, isipokuwa kwa sababu za pekee za kihariri.