Kazi ya mchezaji huanza kabla mpira haujamfikia

Mchukue binti aliyecheza mpira wa pete miaka mitatu, umwingize kwenye mpira wa mikono kwa mara ya kwanza. Kanuni hazijui. Atasahau kwamba anaruhusiwa kupiga hatua 3 na mpira, ataganda palepale alipodakia kama alivyozoea. Lakini mtazame vizuri. Muda si mrefu utamwona akipokea pasi akiwa peke yake, na mpira haukai mikononi mwake. Wenzake waliocheza mchezo huo msimu mzima bado wanaudunda wakitafuta wa kumpa.

Wengi watasema ana kipaji. Mimi nasema ana mazoea. Katika mpira wa pete huruhusiwi kukimbia na mpira, na ndani ya sekunde 3 lazima uwe umeuachia. Anayesubiri audake ndipo aanze kutafuta mwenzake, amechelewa. Kanuni yenyewe imemzoesha binti huyu kutazama kwanza na kudaka baadaye, na mazoea hayo huhama naye kila uwanja anaoingia.

Sisi tunaofundisha elimu ya michezo huulizwa sana na wazazi: mtoto aanze na mchezo gani? Jibu langu huwaudhi baadhi yao, maana wanataka nitaje mmoja. Soka, kikapu, pete, mikono, raga, magongo, yote ni ukoo mmoja: timu mbili zinagombea mpira mmoja, kila timu inavamia eneo la wapinzani huku ikilinda la kwake. Mpira wa wavu umekaa kando kidogo kwa sababu wavu unawatenganisha na hakuna wa kukunyang'anya, ila kusoma mwendo wa mpira, kujipanga na kuitana ni vilevile. Mtoto mdogo acheze miwili mitatu. Kuchagua kutakuja akikua.

Tupige hesabu kidogo. Mechi ya soka ina dakika 90 na wachezaji 22. Hata kama mpira usingetoka nje wala kupaa hewani, tukiugawa sawasawa kila mchezaji angekaa nao dakika 4 na sekunde chache tu. Dakika 85 na ushei zinazobaki anafanya nini? Anatazama, anasogea, anafungua nafasi, anakaba. Nenda sasa kwenye mazoezi ya watoto: saa nzima ni kupiga mpira, kuzunguka koni, kupiga tena. Nami nimefanya hivyo kwa miaka, watoto kumi na wawili kwenye mstari mmoja wakingoja zamu, nikidhani nafundisha.

Hata hivyo mikono na miguu lazima ijifunze kazi yake, na hapo undugu wa michezo hii unaonekana wazi zaidi kwenye kupokea. Mkono ukikakamaa, mpira unadunda na kukuponyoka. Ukiurudisha nyuma kidogo pamoja na mpira, unaongeza muda wa kuusimamisha, na nguvu inayokugonga inapungua. Mwanasoka anaporudisha mguu wakati mpira unaufikia, au anapoingiza kifua ndani kutuliza mpira wa juu, anatumia kanuni hiyohiyo. Kilichobadilika ni kiungo. Kwa kudaka, mpira ukija juu ya kiuno vidole vielekee juu na vidole gumba vikaribiane. Ukija chini ya kiuno vidole vielekee chini na vidole vidogo ndivyo vikaribiane. Mtoto anayegeuza uso mpira unapokuja ana hofu, na kumgombeza kunaiongeza. Mbadilishie mpira. Mpira wa kikapu namba 7 wanaotumia wanaume una mzingo wa takriban sentimita 75, ilhali namba 5 wa watoto una kama 70 na ni mwepesi zaidi. Kwa mtoto mwoga sana, soksi zilizofungwa donge zinatosha kuanzia.

Mpira wa wavu unakunyima ruhusa ya kuushika kabisa, na timu ina miguso 3 tu kabla ya kuuvusha. Kwa hiyo mguso wa kwanza hauutulizi mpira, unauelekeza kwa mwenzako aliye karibu na wavu. Mwanasoka aliyepitia huko huanza kujiuliza swali zuri: mguso wangu wa kwanza unaupeleka mpira wapi? Jibu, mara nyingi, ni mbali na anayenikaba.

Pasi nayo hupelekwa pale mwenzako atakapokuwa. Ukimlenga alipo sasa, anayekimbia ataukuta umebaki nyuma. Anayerusha kwa mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kushoto ili uzito wa mwili uende na mpira. Anayepiga kwa mguu huweka mguu wa egemeo kando ya mpira, ncha ikielekea anakolenga. Raga ina somo lake hapa: mpira haurushwi mbele kwa mikono, hivyo mpokeaji hana budi kuja kwa kasi kutoka nyuma ya mwenye mpira. Kukokota sitakuweka sana. Kwenye kikapu dunda kwa vidole, usiupige kwa kiganja, na katika michezo yote inua macho. Anayekokota akiutazama mpira haoni mwenzake aliye wazi.

Kwenye kukaba, simama kati ya mpinzani na goli lako, umtazame kiunoni. Macho na mabega hudanganya, kiuno kinadanganya kwa shida. Makipa wanalijua hilo vizuri. Penalti ya soka hupigwa kutoka mita 11. Mpira unaokwenda kilomita 100 kwa saa hufika golini kwa takriban sekunde 0.4, na mtu huhitaji kama sekunde 0.2 ili tu mwili uanze kuitikia alichokiona. Kipa anayengoja mpira uondoke anabaki na nusu ya muda. Ndiyo maana husoma mwendo wa mpigaji, mguu wake wa egemeo na kiuno chake.

Jambo moja makocha wengi hulisahau hadi mtu aumie: kutua. Kwenye pete, kikapu, mikono na wavu mchezaji huruka tena na tena. Atue kwa mbele ya nyayo kwanza, magoti yakiwa yamepinda, na yasiingie ndani kugusana. Majeraha mengi mabaya ya kano za goti hutokea bila kuguswa na mtu, mchezaji anapotua vibaya au kugeuka ghafla, na wasichana huyapata zaidi kuliko wavulana. Dakika chache za kuruka na kutua kwa utaratibu, kila zoezi, zinafaa kuliko mizunguko ya kukimbia uwanja.

Yote haya yafundishwe vipi? Mwaka 1982, David Bunker na Rod Thorpe wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walipendekeza tugeuze mpangilio: mtoto aanze na mchezo mdogo uliorahisishwa, akutane na tatizo, ndipo afundishwe ufundi wa kulitatua. Watatu kwa watatu, au wanne wakipasiana huku mmoja akiwinda mpira katikati. Kila mtoto anaugusa mpira mara nyingi, na kila mara kuna mtu wa kumbughudhi. Koni haimbughudhi mtu.

Ukitaka kujua kama mchezaji wako ameanza kuiva, jaribu hivi. Pasi ikiwa njiani kumwendea, muulize kwa sauti: nani yuko nyuma yako? Akigeuka kutazama, bado. Akitaja jina huku macho yakibaki kwenye mpira, mpeleke hatua inayofuata: ongeza mkabaji wa pili.