Je, wajua kwa nini mtoto anayejua hesabu mwaloni huikosa hesabu hiyohiyo darasani?

Katika mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, yaani ufukwe ambako wavuvi hushusha na kuuza samaki, mteja akichukua mafungu manne ya dagaa kwa shilingi 1,500 kila fungu na kutoa noti ya shilingi 10,000, mtoto anayemsaidia mama yake kuuza hurudisha chenji ya shilingi 4,000 bila kushika kalamu. Hesabu yake huenda hivi: mafungu mawili elfu tatu, mengine mawili elfu tatu, jumla elfu sita, basi zimebaki elfu nne. Mtoto huyohuyo akipewa karatasi iliyoandikwa 1,500 × 4, anaweza kabisa kuandika jibu ambalo mwaloni asingelikubali hata kidogo. Watu wazima huharakisha kusema kwamba hajatulia au hapendi shule, ilhali sababu inaihusu zaidi shule yenyewe, na jinsi inavyotaka mtu ajifunze, kuliko inavyomhusu mtoto.

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini mjini Recife, nchini Brazil, na matokeo yakachapishwa mwaka 1985. Terezinha Carraher na wenzake wawili waliwafuata watoto watano wa umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani, wakawauliza bei kama wateja, kisha wakawapa hesabu za namna hiyo kwa penseli na karatasi. Mitaani watoto walipata karibu asilimia 98. Katika hesabu za tarakimu tupu walipata takriban asilimia 37. Mmoja wao aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja ikiuzwa 35. Alijua nazi tatu ni 105, akaongeza tatu zikawa 210, akaongeza tatu nyingine zikawa 315, akamalizia na moja: 350. Njia ya darasani, ya kuongeza sifuri mwishoni mwa 35, hakuigusa. Watoto watano ni wachache, lakini walichoonyesha ni kikubwa: akili ni ileile, na kinachobadilika ni mahali, anayeuliza na sababu ya kuuliza.

Je, shule huongeza nini basi? Miaka ya 1931 na 1932, mwanasaikolojia Alexander Luria alikwenda Uzbekistan na kuwauliza wakulima ambao hawakusoma: huko kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, mahali fulani pako kaskazini ya mbali, je, dubu wa hapo wana rangi gani? Wengi walikataa kujibu, wakisema kwamba hawajafika huko na kwamba mtu husema alichokiona. Waliokwisha kuingia darasani, hata kwa muda mfupi, walijibu mara moja. Kwa maoni yangu jibu la wakulima lilikuwa la busara, kwani shahidi mwaminifu hasemi asilolijua. Ila walikuwa hawajazoea mchezo wa shule, ambamo maneno ya swali hukubaliwa jinsi yalivyo na jibu hutafutwa humohumo.

Mtu angeweza kudhani kwamba kusoma na kuandika ndiko kunakoleta tofauti hiyo. Sylvia Scribner na Michael Cole walilipima wazo hilo nchini Liberia, miongoni mwa Wavai, ambao wana maandishi yao wenyewe yanayofundishwa nje ya shule kwa ajili ya barua na hesabu za biashara. Katika kitabu chao cha mwaka 1981 walieleza kwamba kujua maandishi hayo hakukuleta mabadiliko mapana ya kufikiri. Waliosoma shule ndio waliofanya vizuri kuliko wengine, hasa walipotakiwa kueleza kwa maneno sababu za majibu yao.

Hilo halishangazi ukikaa nyuma ya darasa lolote. Mwalimu huuliza swali ambalo jibu lake analijua, mwanafunzi hujibu, mwalimu huhukumu: amekosa, kaa chini, amepata, mpigieni makofi. Nje ya shule mazungumzo ya namna hii ni nadra sana. Kijana anayeingia Ziwa Tanganyika na wavuvi usiku wa giza hujifunza kwa kutazama taa zinavyovuta dagaa na wenzake wanavyovuta wavu. Akikosea, wavu wenyewe humwonyesha, na kumsaidia si kosa. Darasani, siku ya mtihani, kumtazamia mwenzako ni hatia. Hivyo, zaidi ya hesabu na sayansi, mtoto hufundishwa kwamba maarifa ni mali ya mtu mmoja na kwamba anayestahili kuyathibitisha ni mwalimu.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule ziliwatenga vijana na jamii na kuwafanya waamini kuwa maarifa yote yamo vitabuni. Mashamba ya shule yalikusudiwa kuziba pengo hilo, ingawa mara nyingi yaligeuka kuwa kazi ya jembe tu, bila hesabu ya mbegu wala ya mavuno kurudi darasani. Kinachosaidia zaidi, nadhani, ni swali fupi la mwalimu, «Umepataje?», likifuatwa na subira ya kusikiliza, kisha njia ya mtoto kuandikwa ubaoni kando ya njia ya kitabu.

Lakini swali hilo linahitaji lugha ya kulijibia, na hapa ndipo shule zetu zinapombana mtoto zaidi. Wengi Kasulu na Buhigwe, mkoani Kigoma, hukua wakisema Kiha, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza katika shule za serikali masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mwanafunzi aliyeanza kuzoea kueleza sababu zake hunyamaza. Mwalimu anayemhurumia hufafanua somo kwa Kiswahili, kisha huandika ubaoni maelezo ya Kiingereza ili yanakiliwe na kukaririwa, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayosahihishwa kwenye mtihani.