Siri Haikatiwi Bima

Wiki iliyopita mwenye mkusanyo wa vitabu vya mazingaombwe aliniletea, nikithamini kwa ajili ya bima, kitabu alichokifunga kwa kitambaa, akakifunua nusu kama mtu anayewaonyesha wageni mtoto mchanga, kisha akaniomba kwa sauti ya chini nisisome kurasa za katikati kwa sababu, alisema, humo ndimo thamani yake ilimo. Kauli hiyo nimeisikia kwa wanamazingaombwe wastaafu, kwa wajane wao na kwa vijana walionunua sanduku zima mnadani. Kwa kuwa sasa imenichosha, nitaijibu mara moja kwa maandishi, ili mteja ajaye nimwelekeze hapa.

Kwanza nitenganishe mambo mawili. Ninaposema mazingaombwe sisemi uganga, ramli wala falaki. Nasema viinimacho, yaani karata, sarafu, vikombe na wepesi wa mikono. Mchanganyiko huu ni wa zamani. Mwaka 1584 Reginald Scot alichapisha Uingereza kitabu ambacho jina lake linataja uchawi, ilhali sehemu yake inayotafutwa zaidi na wakusanyaji inaeleza jinsi viinimacho vinavyofanywa, kwa nia ya kuonyesha kwamba si kazi ya pepo. Wauzaji hupenda kuongezea kwamba mfalme James aliamuru nakala zake zichomwe. Ushahidi wa hadithi hiyo ni dhaifu, lakini katika orodha za mauzo inaendelea kufanya kazi yake ya kupandisha bei.

Sasa tuje kwenye siri yenyewe. Chukua kitabu cha S. W. Erdnase kuhusu karata, kilichotoka Chicago mwaka 1902. Mwandishi alijificha nyuma ya jina la bandia, na hadi leo watu wanabishana alikuwa nani. Kitabu kimechapishwa tena na tena, haki zake za kunakili zimekwisha, na anayetaka kukisoma anaweza kukipata bila kulipa chochote. Maneno ni yale yale, michoro ni ile ile, na mbinu ya kugawa karata ya chini badala ya ya juu haijabadilika hata kidogo. Hata hivyo, nakala safi ya chapa ya kwanza hulipiwa mara nyingi zaidi ya bei ya chapa za baadaye. Kama thamani ingekaa katika siri, nakala zote zingelingana bei. Kinacholipiwa ni karatasi ile, jalada lile, mwaka ule, na uchache wa nakala zilizosalimika.

Jambo ambalo wateja wangu hawalioni ni kwamba imani hii inawadhuru wenyewe siku ya hasara. Ukimwambia mkadiria hasara wa kampuni ya bima kwamba thamani ya kitabu chako ni maarifa yaliyomo, atakubaliana nawe kwa furaha, kisha atakununulia nakala mpya yenye jalada laini, iliyochapwa mwaka huu, na atakuwa ametimiza mkataba: ulikuwa na kitabu, sasa unacho kingine chenye siri zile zile. Hili si dhihaka yangu. Mteja mmoja alipasukiwa na bomba la maji juu ya rafu, na orodha aliyokuwa ameikabidhi kampuni ya bima ilikuwa na jina la kitabu na jina la mwandishi tu, bila mwaka, bila mchapishaji, bila kutaja saini wala hali ya jalada. Alipewa machapisho mapya. Alinijia akiwa na hasira, akitaka niandike kwamba ameonewa. Sikuandika, kwa sababu hakuwa ameonewa.

Hata hivyo, nikiri kwamba siri si kitu bure kabisa, na hapa nitachukua muda kidogo. Siri huathiri bei kwa njia ya kuzunguka: huamua ni nakala ngapi zilichapwa na nani aliruhusiwa kuwa nazo. Maelezo yaliyopigwa taipu na kuuzwa kwa wanamazingaombwe wachache, kwa ahadi kwamba hayataonyeshwa mtu mwingine, ni adimu kwa sababu ya usiri huo, ingawa ubora wa mbinu zenyewe unaweza kuwa wa kawaida sana. Masomo ya mazingaombwe ya Tarbell ni mfano mwingine. Yalianza miaka ya 1920 kama kozi iliyotumwa kwa posta, baadaye yakageuzwa kuwa vitabu ambavyo hatimaye vilifikia juzuu 8. Mwenye masomo ya posta, pamoja na bahasha zake, hana kitu kile kile alichonacho mwenye juzuu, na orodha inayosema “Tarbell, seti” haimwambii mtu yeyote chochote. Vilevile kuna vitabu vya kupuliza, vinavyojulikana tangu karne ya 16, ambavyo picha zake huonekana kubadilika kadiri unavyozipitisha kurasa chini ya kidole gumba. Hivyo havielezi kiinimacho, bali ni kiinimacho chenyewe, na ukiviorodhesha kama vitabu vya kusoma umeshavipunguzia hadhi.

Je, maandishi adimu yanapochapishwa upya au kusambazwa kwa faili, nakala ya asili hushuka bei? Wenzangu wengi hujibu haraka kwamba haishuki. Mimi nimeona ikishuka, kwa sababu waliokuwa wakiitafuta ili waitumie jukwaani walipata walichotaka na kuondoka sokoni. Nimeona pia ikipanda, kwa sababu chapa mpya iliwafahamisha wakusanyaji ambao hawakuwahi kuisikia. Ninapoulizwa itakuwaje kwa kitabu fulani, ninakisia, na ninaandika katika ripoti kwamba ninakisia.

Kuhusu hati ya bima yenyewe nitakuwa mfupi. Bima ya kawaida ya vyombo vya nyumbani mara nyingi huweka kikomo kwa kila kitu kimoja, na baadhi hukata kiasi kwa uchakavu, jambo la kuchekesha kwa kitabu cha mwaka 1634 ambacho kimeendelea kupanda bei tangu kichakae. Unachohitaji ni mkataba wa thamani iliyokubaliwa mapema, wenye orodha ya kitabu kimoja kimoja. Soma kifungu cha wastani, kinachopunguza malipo kwa aliyekata bima pungufu ya thamani: ikiwa mkusanyo una thamani ya 100,000 nawe umeukatia bima ya 60,000, kisha ukapata hasara ya 20,000, unaweza kulipwa 12,000 tu. Soma pia yasiyolipwa, kwa sababu wadudu, ukungu na unyevu wa polepole kwa kawaida vimo humo. Na uulize kuhusu seti. Jarida la mazingaombwe la The Sphinx lilitoka kuanzia 1902 hadi 1953, na mfululizo kamili ukipoteza matoleo matatu umepoteza zaidi ya bei ya matoleo matatu. Je, mkataba wako unalijua hilo?

Bei unazoziona kwenye intaneti ni bei zinazoombwa. Kitabu kinachoombwa bei ile ile kwa miaka sita kinakuambia bei ambayo hakuna aliyekubali kuilipa. Mimi hutumia matokeo ya minada, nikijumlisha ada anayotozwa mnunuzi, kwa kuwa ndicho kiasi utakachotoa mfukoni kukipata kingine. Kiasi hicho si kile utakachopokea ukiuza, wala si lazima kiwe kile kitakachoandikwa kwenye mirathi, kwa hiyo usichukue ripoti yangu ya bima ukaigeuza bei ya dukani. Na usimwajiri mthamini anayelipwa asilimia ya thamani anayoiandika. Sababu nadhani unaiona.

Hata minada inanitia mashaka. Soko letu ni dogo. Wapinzani wawili wakiwa ukumbini siku moja, bei huruka mara tatu. Mmoja wao akifa na maktaba yake kumwagwa sokoni, bei ya vitabu vile vile huanguka. Ninapoandika tarakimu moja kwenye ripoti, inaonekana imara kuliko ilivyo. Kampuni za bima hazipendi niandike kati ya hiki na hiki, basi naandika tarakimu moja, kisha nawasihi wateja tuipitie upya kila baada ya miaka mitatu hivi.

Yule bwana wa kitambaa? Kurasa za katikati nilizitazama, kwa kuwa huwezi kuthamini kitabu ambacho hujakihesabu kurasa. Siri zilikuwa za kawaida, zimechapishwa kwingine mara nyingi. Lakini karatasi nne zilikuwa fupi kidogo kuliko jirani zake, rangi yake tofauti, na hazikupita kwenye mshono: zilitolewa katika nakala nyingine zikabandikwa kwa gundi. Nilipomwonyesha, aliniuliza kama nimekariri mbinu ya ukurasa wa pili.